Mama na Mtoto wa Rangi Moja

Kadi zile mwalimu wa chekechea alizichora wikiendi nzima, tena kwa upendo. Tatizo lilianzia hapo.

Alikuwa mgeni shuleni, msichana mwembamba mwenye sauti ambayo watoto wa mstari wa nyuma waliipokea kama tetesi. Kwa kuwa shule tayari ilikuwa na Mwalimu Mkuu, watoto wakamwita yeye Mwalimu Mdogo, naye akaona ni haki. Somo la wiki lilikuwa wanyama wa kufugwa na watoto wao. Chuoni aliambiwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa macho na mikono kabla ya masikio, basi akakusanya maboksi ya sabuni, akayakata, akachora mnyama mkubwa kwenye kadi moja na mtoto wake kwenye kadi nyingine. Na kwa vile hakupenda kumwona mtoto yeyote akishindwa, kila mama na mwanawe aliwapaka rangi moja. Ng'ombe mweusi, ndama mweusi. Mbuzi mweupe, kitoto chake cheupe. Punda wa kijivu, mtoto wa kijivu. Kuku alimsumbua. Vifaranga ni wa njano, hilo halina ubishi, kwa hiyo kuku naye ikabidi awe wa njano. Alimtazama kwa muda kuku yule ambaye hajawahi kukanyaga ardhi hii, akamwongezea kishungi chekundu ili apate heshima kidogo.

Somo lilifana. Kila mtoto alipewa kadi moja akaambiwa amtafute mwenzake, na darasa zima likazunguka likilia mee na moo mpaka kila mama akampata mwanawe. Hakuna aliyeshindwa. Hata yule mtoto aliyekuwa akila chaki alimpata kifaranga wake. Mwalimu Mkuu alipita dirishani, akasimama, akatikisa kichwa mara moja kuonyesha kuridhika, akaendelea na safari yake ya kwenda chooni.

"Kwa hiyo mama na mtoto ni rangi moja," alisema mvulana aliyekaa mbele.

Huyo bibi yake alimwita Hakimu, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kusema "nadhani". Mwalimu Mdogo alikuwa anaokota kadi zilizodondoka chini ya meza. Alisikia sauti, hakusikia maneno.

"Vizuri sana," alijibu kutoka chini ya meza.

Saa ya kwenda nyumbani Hakimu alikaa kwenye ngazi karibu na geti, mkoba mapajani, akaanza kazi.

"Huyu sawa," alisema, mama mmoja alipomshika mwanawe mkono. "Huyu sawa. Hawa mapacha sawa. Huyu sawa, ila mama yake ana haraka."

Kisha akafika mama yake Kidoti. Alikuwa fundi cherehani, na alikuja kama alivyokuja kila siku, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na nyuzi za rangi zote zimemganda kwenye sketi. Alikuwa mweusi wa kung'aa. Binti yake alikuwa maji ya kunde, kama marehemu baba yake, na chini ya jicho la kushoto alikuwa na doa dogo lililomfanya aitwe Kidoti.

"Subiri," alisema Hakimu. "Hii haijalingana."

"Nini hakijalingana, baba?"

"Wewe mweusi, huyu kahawia. Mama na mtoto ni rangi moja. Tumesoma leo."

"Ala! Kumbe mmesoma."

"Mlichanganywa," alisema Hakimu, kwa upole wa daktari anayetoa habari. "Si kosa lako. Wa kwake atakuja."

Mama Kidoti alicheka mpaka futi ikamdondoka. Akawasimulia kina mama wengine palepale, nao wakacheka, mmoja akalazimika kushika ukuta. Mwalimu Mdogo naye alicheka, ameziba mdomo kwa kiganja. Aliyekuwa hacheki ni Kidoti peke yake. Alitazama mkono wake, akatazama mkono wa mama yake uliomshika, halafu akageuka akaangalia barabarani, upande ambao watu hutokea.

Tangu siku hiyo Kidoti akawa na adabu.

Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kawaida. Alikuwa akilia akinyimwa, akinuna akipewa kidogo, na akimwita mama yake kutoka upande wa pili wa uwanja kana kwamba nyumba inaungua. Sasa akawa kimya. Kengele ikilia alisimama getini akamtazama kila mwanamke anayepita: muuza mboga, nesi anayerudi kazini, mwanamke wa kwenye baiskeli. Aliwatazama usoni, halafu mikononi. Mama yake akifika, hakumkimbilia. Alisubiri mpaka barabara ikawa tupu.

"Kidoti, mama ameshafika," Mwalimu Mdogo alimwambia siku ya tatu ya mchezo huo.

"Nimemwona, mwalimu. Nitakwenda naye na leo." Akavaa mkoba vizuri. "Ila wa kwangu akija, mwambieni nakaa kwa fundi cherehani."

Mwalimu Mdogo alibaki amesimama getini hata baada ya mlinzi kufunga.

Kesho yake aliingia darasani amejiandaa. Alisimama mbele, akakohoa, akasema kwamba mama na mtoto si lazima wawe na rangi moja, rangi si kitu, wanyama na watu wanatofautiana na hakuna ubaya.

Hakimu akanyoosha mkono. "Kadi nani alichora?"

"Mimi."

"Ulikuwa unadanganya?"

"Hapana, sikudanganya. Nilitaka tu mpate urahisi."

"Basi ni kweli," alisema Hakimu, akashusha mkono.

Wikiendi hiyo Mwalimu Mdogo alichora kadi upya. Ng'ombe mweusi akapewa ndama mwenye madoa, mbuzi mweupe akapewa kitoto cha kahawia. Jumatatu alizigawa kwa matumaini, akaenda kunawisha mtoto mmoja aliyemwaga maji, na aliporudi alikuta darasa limeinama mezani likifanya kazi kwa utulivu ambao hajawahi kuuona. Walikuwa wamechukua kalamu za rangi na kuzirekebisha. Karibu kila ndama alikuwa amerudishiwa rangi ya mama yake.

"Ulikosea kidogo," alisema Hakimu. "Tumekusaidia."

Kidoti hakuwa na kalamu. Alikuwa ameshika ndama mmoja mwenye madoa ambaye wenzake walikuwa hawajamfikia, na amemfunika kwa kiganja.

Jioni ile Mwalimu Mdogo alijipa moyo akaenda kuomba radhi. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Chumba cha fundi kilikuwa kinatazama barabara, mlango wazi, na ndani mlikuwa na cherehani moja ya kukanyaga, meza yenye alama za chaki, pasi, na vipande vya vitambaa vimejaa mpaka kwenye kiti cha wageni. Mama Kidoti alikuwa amebana pini midomoni.

"Karibu mwalimu," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Sogeza hivyo vitambaa ukae. Umekuja kushona?"

Mwalimu Mdogo alikuwa amekuja kusema samahani, nimemharibia mtoto wako kichwa kwa maboksi ya sabuni. Lakini maneno yalikwama, na kwa kuwa alishaulizwa swali alijibu, "Ndiyo."

"Nini? Sketi?"

"Sketi."

"Simama."

Akasimama. Mama Kidoti akampima kiuno, akampima nyonga, akaandika kwa chaki mezani. Alipopiga magoti kupima urefu ndipo alipotoa pini zote mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifundo cha kitambaa.

"Mwalimu, mtoto wangu kanishukuru."

"Amekushukuru?"

"Asubuhi. Nimempa uji, kanywa, kaweka kikombe chini, kasema, 'Asante kwa uji, ulikuwa mtamu.'" Alikaa juu ya visigino vyake. "Mtoto wangu mwenyewe. Mimi si hoteli."

Mwalimu Mdogo aliangalia alama za chaki mezani.

"Mwanzo nilicheka. Nikamwambia, we mtoto, nimekuzaa mimi, tumbo hili, uliza jirani. Kaniitikia vizuri tu. 'Sawa.' Kama mtu anayeelewana na mgonjwa. Jana kakunja nguo zake zote kaziweka kwenye mkoba. Namuuliza unakwenda wapi? 'Siendi popote, nimeziweka tayari.' Tayari kwa nini? Kanyamaza. Na usiku halali tena kwangu, analala ukingoni mwa kitanda, kajikunja, ili asinisumbue." Aliokota futi akaivuta, akaiachia. "Angekuwa hai baba yake ningewasimamisha hapo wote wawili, mjadala uishe. Sura moja, rangi moja. Sasa mimi nitamwonyesha nini? Nimwonyeshe kaburi?"

"Ni kadi zangu," alisema Mwalimu Mdogo, kwa sauti ambayo kama cherehani ingekuwa inatembea isingesikika. "Niliwapaka rangi moja."

"Najua, mdogo wangu. Kila mtu anajua."

Ndani, nyuma ya pazia, Kidoti alikuwa anafagia. Hakuwa ametumwa.

Mwalimu Mdogo aliondoka akiwa ameagiza sketi asiyoihitaji, ya kijani. Lakini njiani alipata wazo. Watoto wale hawakuamini maneno, na karatasi waliirekebisha. Ilibaki wanyama wenyewe. Ng'ombe halisi hawawezi kupakwa kalamu.

"Ziara," alisema Mwalimu Mkuu, akivua miwani. "Kwa mfugaji."

"Ndiyo, madamu. Wakaone ng'ombe wenye ndama wa rangi nyingine. Halafu nitawaeleza."

"Umefundisha vizuri mno, hilo ndilo linalotusumbua. Punguza." Akavaa miwani. "Nenda. Chukua mzazi mmoja akusaidie kuwahesabu."

Mzazi huyo alikuwa Mama Kidoti. Alifunga chumba chake mchana kweupe, jambo ambalo wateja wake walilisema siku nzima.

Mfugaji alikuwa na zizi pembeni mwa mji, mwendo wa watoto kuimba nyimbo zote wanazozijua na kuanza upya. Mwalimu Mdogo alikuwa amempigia simu kabla. Aliuliza kama wapo ng'ombe wenye ndama, akajibiwa wapo tele. Alitaka kuuliza na rangi, lakini aliona haya kumuuliza mtu mzima ng'ombe wake ni wa rangi gani.

Getini walipokewa na mkamuaji, mtu mrefu mwenye viatu vya mpira, aliyewaeleza kwamba bosi hayupo na kwamba wasikimbie. Aliyasema hayo akiwa amewapa mgongo, anamkuna ng'ombe shingoni. Ilionekana ni mtu aliyezoea kuwasalimu ng'ombe kwanza.

Mnyama wa kwanza kuonekana alikuwa mbuzi mweupe. Alikuwa na vitoto viwili vyeupe.

"Sawa," alisema Hakimu.

Mwalimu Mdogo aliangaza macho huku na huku. Karibu na tangi la maji kulikuwa na kuku mweusi anayechakura, na nyuma yake vifaranga: wa njano, wa kahawia, wawili weusi, mmoja mwenye michirizi. Mwalimu Mdogo akanyoosha kidole kwa furaha. "Watoto, hebu tazameni pale! Mnaona nini?"

Watoto walitazama. Hakimu alitazama kwa muda mrefu zaidi.

"Ameiba," alisema.

"Hapana, Hakimu, hajaiba—"

"Wale weusi ni wake. Wengine kaiba."

Darasa likamtazama kuku kwa macho mengine. Mtoto mla chaki akamwambia, "Mwizi!" na kuku akaendelea kuchakura.

Kidoti alikuwa ameshikwa mkono na mama yake, kama sheria ya safari ilivyotaka. Alifikiri. Kisha akamvuta mkono ili ainame.

"Kama uliniiba," alimnong'oneza sikioni, "sitamwambia mtu."

Mwalimu Mdogo alikuwa karibu, akasikia. Alimwona Mama Kidoti akiinuka polepole, akitazama mbele, kwenye ukuta wa zizi ambao haukuwa na kitu cha kutazamwa. Alipangusa pua kwa upande wa mkono, kisha akawahesabu watoto, akapata idadi isiyo sahihi, akawahesabu tena.

Wakaingia kwenye banda la ng'ombe.

Walikuwa wamejipanga kwenye kihori wakila majani, na wote walikuwa kahawia. Si kahawia mbalimbali. Kahawia ileile, ya ukoo mmoja, kama nguo zilizokatwa kwenye jora moja. Upande wa pili, ndani ya uzio wa mbao, ndama walikuwa wamesimama wakilia. Nao walikuwa kahawia.

Mwalimu Mdogo aliwapitia ndama mmoja mmoja kwa macho. Maelezo yote aliyoyaandaa yalihitaji angalau ndama mmoja mwenye doa.

"Unaona, mwalimu?" alisema Hakimu, bila kujivuna. Lakini baada ya kuridhika, alianza kusumbuka. Alitazama ndama, akatazama ng'ombe, akarudi kwa ndama. Akamwendea mkamuaji.

"Mjomba, yupi wa yupi?"

"Wao wanajua."

"Lazima na wewe ujue."

"Mimi ya nini? Mimi sinyonyi."

Mkamuaji aliona mwalimu amenyamaza, akadhani anasubiri maelezo, basi akayatoa. Ndama hukaa huku, mama zao kule, wasije wakamaliza maziwa. Wakati wa kukamua anamfungulia mmoja mmoja, ananyonya kidogo tu mpaka maziwa yashuke, kisha anamfunga pembeni na kukamua. Ng'ombe asipomwona mwanawe anabana, hatoi kitu. Alimwonyesha Shangazi, akamwonyesha Bi Mkubwa, akamwonyesha Mama Mdogo, ambaye kazaa juzijuzi na yuko kule mwisho. Hayo yalikuwa majina ya ng'ombe. Kisha akaenda kuchukua ndoo.

Hakimu alikuwa amesikiliza maelezo yote, na alilobaki nalo ni kwamba watoto wote wa nyumba hii wametenganishwa na mama zao, na mwenye dhamana hajui yupi ni wa nani. Uzio ulifungwa kwa kitanzi cha kamba juu ya kigingi. Kilikuwa usawa wa kifua chake.

Ndama walitoka kama maji yaliyofunguliwa bomba. Watoto walipiga kelele na kubana ukutani, Mwalimu Mdogo akajikuta amekumbatia watoto wanne na nguzo moja, na mkamuaji alitokea na ndoo akasema neno ambalo siku iliyofuata wazazi kadhaa waliulizia maana yake.

Lakini ndama hawakuwa na habari na watu. Kila mmoja alikata moja kwa moja kwenda kwake. Walipita matumbo ya kahawia yanayofanana, miguu ya kahawia inayofanana, bila kusimama, wakaingiza vichwa chini na kuanza kunyonya kwa fujo, mikia ikicheza. Punde kelele ikageuka sauti ya kumeza.

Mmoja tu alibaki. Alikuwa mdogo kuliko wote, miguu bado haijaelewana. Alimwendea ng'ombe wa karibu, akaingiza kichwa. Ng'ombe aligeuka, akamnusa mgongo, akampiga kikumbo cha kichwa. Ndama akaanguka kwenye kinyesi.

Akainuka. Akajaribu wa pili. Huyo alimnusa pia, akanyanyua mguu akamsukuma.

Kidoti alikuwa ameachia mkono wa mama yake.

Kule mwisho wa kihori, Mama Mdogo aliita, sauti ya chini, ya kooni. Ndama akayumba kuelekea huko. Ng'ombe alishusha kichwa akamnusa. Alimnusa tumbo, alimnusa chini ya mkia, alimnusa masikioni, bila haraka. Kisha akatoa ulimi akaanza kumlamba kinyesi alichoangukia, naye ndama akajikita chini ya tumbo na kunyonya.

"Mbona wale wamempiga?" aliuliza Kidoti.

Mkamuaji alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anatazama maziwa yake yakienda. "Si wao."

"Wamejuaje? Wote kahawia."

"Kahawia?" Mkamuaji aliwatazama ng'ombe wake kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. "Ng'ombe hana habari na rangi. Ananusa."

"Hamwangalii?"

"Anamwangalia baadaye, akipata nafasi."

"Na akinusa akakosea?"

"Hakosei."

"Hata siku moja?"

"Mimi nimeshakosea. Nimempelekea Bi Mkubwa ndama wa Shangazi, nikala teke hapa," akaonyesha paja. "Yeye, hapana."

Hakimu, aliyekuwa ameshikwa kola na Mwalimu Mdogo, alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza.

Kidoti alirudi kwa mama yake. Alisimama mbele yake, umbali wa hatua moja, miguu pamoja, mikono imenyooka kando kama anayeimba mbele ya wageni. Uso wake ulikuwa umebana.

"Samahani," alisema. "Naomba uninuse."

Mama Kidoti alimtazama Mwalimu Mdogo, na Mwalimu Mdogo akatazama chini, kwa sababu hakuona kama ni haki kwake kutazama kwingine.

"Hapa?"

"Ndiyo." Akafumba macho. Halafu akaongeza, haraka, "Kama si wako, usinipige kwa nguvu."

Mama Kidoti alipiga magoti kwenye majani yaliyomwagika, sketi na nyuzi zake zote. Hakumvuta mtoto kwake. Aliinamisha kichwa akamnusa utosini. Akamnusa paji la uso. Akamnusa shingo, upande mmoja, kisha mwingine, akahamia nyuma ya sikio, na hapo akakaa. Kidoti alikuwa amebana kope mpaka zimekunjamana. Bandani kote walisikika ng'ombe wakitafuna.

"Nyuma ya masikio hakuoga vizuri," alisema Mama Kidoti mwishowe. "Na aliyemwogesha ni mimi."

Kidoti alifumbua jicho moja.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni wangu. Wa nani mwingine? Hebu geuka, ninuse na huku."

"Hunipigi?"

"Mpaka sasa sioni sababu."

Kidoti alimwangukia mama yake shingoni kwa uzito wake wote, na kwa kuwa mama alikuwa amepiga magoti vibaya, wote wawili walikwenda chini, kwenye majani na vinginevyo. Walikaa hukohuko. Mwalimu Mdogo alianza kuwahesabu watoto kwa sauti, jambo ambalo halikuwa na haja, na alipofika katikati alipoteza hesabu, akaanza upya.

Walipoinuka walimkuta Hakimu amesimama mbele yao.

"Na mimi," alisema.

Mama Kidoti alijipangusa kiganja, akamshika kichwa, akamnusa utosini kwa makini kama alivyostahili.

"Wewe si wangu," alimwambia, akamsukuma paji la uso kwa kidole. "Wewe ni wa bibi yako. Unanuka yeye kabisa."

Hakimu alikubali kwa kichwa. "Nilijua," alisema. "Nilikuwa nahakikisha." Alipokuwa anarudi kwenye mstari, alinyanyua mkono wake mwenyewe akaunusa, mara mbili.

Mkamuaji aliwasindikiza mpaka getini, ndoo tupu mkononi. Mwalimu Mdogo alimwomba radhi kwa ajili ya maziwa. Aliyasema yote safari hii, kwa sauti ya kusikika, kwamba kosa ni lake na shule itaongea na bosi.

"Bosi nitamwambia wamebana," alisema mkamuaji. "Leo chai ya rangi. Msirudi kesho."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, na nyimbo zilikuwa zimeisha. Jua lilikuwa kali. Walipofika kwenye kona yenye duka la vifaa vya ujenzi, Kidoti alisimama.

"Mama, nibebe."

"Una miguu."

"Nimechoka!"

"Na mimi nimechoka. Twende, wenzako wanakuacha."

"Sitaki! Nibebe! Nataka maji! Sitaki hayo, nataka ya baridi!"

"Kidoti."

Kidoti aliketi chini katikati ya njia. Halafu akalala kabisa, akapiga visigino vyake vumbini, akafungua mdomo akalia kilio kirefu cha kukera ambacho kilimtoa mwenye duka nje. Mistari ya watoto ikasimama kutazama. Mwalimu Mdogo alirudi mbio, mkono umenyooshwa kutaka kumwinua, lakini Mama Kidoti alimzuia kwa kiwiko.

"Muache," alisema. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, majani yamemganda mgongoni, akimsikiliza mwanawe anavyopayuka. "Muache kwanza kidogo."